Dalili na Kiashirio: Jinsi Damu na Mkojo Vinavyoeleza Kazi ya Figo

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii imejengwa juu ya imani mbili: kwanza, kwamba jambo hutanguliwa na ishara yake, pili, kwamba ishara hiyo huonekana na kila mwenye macho. Katika maradhi mengi imani hizi hutimia. Mwenye malaria hutetemeka kwa homa, na mwenye kidonda huona usaha. Lakini katika maradhi ya figo yaendayo polepole, mvua huweza kunyesha miaka mingi pasipo wingu lolote kuonekana. Mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake, naye akaendelea kulima, kufundisha na kusafiri bila ya kuhisi maumivu yoyote.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anapoambiwa, baada ya kupimwa, kwamba figo zake zina kasoro, aghalabu huuliza: "Mbona sina dalili?" Swali hilo ni la haki, na kwa Kiswahili ni sahihi kabisa. Akijibiwa kwamba dalili zimo katika damu yake, huenda asiridhike, maana kwake dalili ni kitu kinachohisiwa au kinachoonekana. Asiporidhika, huenda akaacha dawa katika wakati uleule ambapo dawa ingemfaa zaidi.

Makala haya yanakusudia kueleza vipimo vikuu vya damu na mkojo vinavyotumiwa kupima kazi ya figo, na kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuvieleza kwa ukamilifu endapo dhana mbili zitatenganishwa: dalili, ambayo mgonjwa huihisi, na kiashirio, ambacho hupimwa maabarani.

2. Figo na maana ya kuchuja

Neno figo ni la asili ya Kibantu. Wagikuyu husema higo, na Waganda ensigo. Ulinganisho huu wa f, h na s mbele ya irabu i si wa kubahatisha, kwani huonekana pia katika neno figa, ambalo kwa Kiganda ni essiga, na kwa Kigikuyu ni ihiga, yaani jiwe. Pwani limekuwapo pia neno nso kwa maana ileile, ijapokuwa leo ni nadra kusikika. Kuhusu ngeli, wako wasemao figo yake na wako wasemao figo lake, na wingi wake huwa figo au mafigo. Tofauti hizi hazimdhuru mgonjwa. Linaloweza kumdhuru ni kitenzi kinachofuata jina hilo, yaani kuchuja.

Figo moja ya mtu mzima ina uzito unaokaribia gramu 150, na ndani yake mna takriban nefroni milioni moja. Kila nefroni ina sehemu mbili: kishada cha mishipa midogo ya damu kinachochuja, na kijifereji kirefu kinachopokea kilichochujwa. Kiasi cha lita moja ya damu, na zaidi kidogo, hupita katika figo zote mbili kila dakika. Kwa siku nzima vishada hivyo huchuja majimaji yapatayo lita 180, ilhali mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Kwa hiyo takriban asilimia 99 ya kilichochujwa hurudishwa katika damu na vijifereji.

Msemaji wa Kiswahili asikiapo neno kuchuja huwaza kifumbu na tui. Jikoni, kinachopita ndicho kitakiwacho, na kinachobaki, yaani chicha, ndicho hutupwa. Katika figo mpango huo umegeuzwa. Vinavyobaki upande wa juu ni vya thamani: chembe za damu na protini kubwa. Vinavyopita ni maji, chumvi, sukari na takataka nyingine ndogondogo, vyote vikiwa vimechanganyika. Kisha kijifereji huvirudisha vilivyo vyema na kuziacha takataka ziende zake. Anayedhani kwamba uchafu hunaswa katika figo kama chicha katika kifumbu ataamini kwamba dawa ya figo ni kuzikosha kwa maji mengi au kwa mitishamba. Fikira hiyo haitokani na ujinga wa mtu. Imo katika picha ambayo lugha yenyewe humpa, na ni wajibu wa mfasiri kuirekebisha.

Kutokana na maelezo haya, sifa za kiashirio chema cha mchujo hujitokeza zenyewe. Yafaa kiwe kitu kinachoingia katika damu kwa kiasi kisichobadilika, kinachopita kwenye kichujio bila ya kizuizi, na ambacho kijifereji hakikirudishi wala hakikiongezi. Kitu kinachokaribia sana ukamilifu huo ni inulini, aina ya wanga wa mimea, ambayo Homer Smith na wenzake nchini Marekani waliitumia katika miaka ya 1930. Hata hivyo, inulini haimo mwilini. Hudungwa kwenye mshipa, na kipimo chake huchukua saa nyingi. Kwa sababu hiyo waganga walitafuta kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza.

3. Viashirio vya damu

Kiashirio cha kale ni yurea. Hutengenezwa na ini kutokana na mabaki ya protini, kisha hutolewa na figo. Kasoro yake ni kwamba kiasi chake katika damu hupanda kwa sababu nyingi zisizo za figo: mtu akila protini nyingi, akipungukiwa na maji mwilini, au akivuja damu tumboni. Aidha, sehemu ya yurea iliyochujwa hurudishwa na vijifereji. Yurea ni shahidi, lakini ni shahidi mwenye maneno mengi.

Kiashirio kinachotumiwa zaidi ni kreatinini. Mnamo mwaka 1886 mwanakemia wa Ujerumani, Max Jaffe, aligundua kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki katika hali ya ubesi hutoa rangi ya chungwa. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Otto Folin aliigeuza rangi hiyo kuwa njia ya kupima. Hapa pana jambo la kutanabahi kwa watunzi wa istilahi. Kreatini na kreatinini ni vitu viwili. Kreatini ni akiba ya nguvu iliyomo katika misuli. Kreatinini ni masalio yake. Silabi moja ndiyo inayovitenga, na matamshi ya haraka huimeza. Yeyote atakayeandika kreatini mahali pa kreatinini atakuwa amebadilisha maana, si tahajia tu.

Maadamu kreatinini hutoka katika misuli, kiasi chake hutegemea ukubwa wa misuli hiyo. Kijana mwenye kubeba mizigo bandarini huwa nayo nyingi bila ya ugonjwa wowote, na mzee aliyekonda huwa nayo kidogo hata kama figo zake zimechoka. Hali kadhalika, aliyekula nyama choma nyingi usiku wa kuamkia kipimo huweza kuonekana na kiwango kilichopanda, kwa kuwa moto hugeuza kreatini ya nyama kuwa kreatinini.

Liko pia tatizo la hesabu. Uhusiano wa kreatinini na mchujo ni wa kinyume: mchujo ukipungua kwa nusu, kreatinini hupanda mara mbili. Maabara nyingi huhesabu kuwa cha kawaida kwa mwanamume kiwango cha kati ya mikromoli 60 na 110 hivi kwa lita moja. Mtu aliyekuwa na 60, akapanda hadi 105, bado huandikiwa kwamba yu katika mipaka ya kawaida; lakini kwa hesabu ya wepesi mchujo wake umepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hivyo neno kawaida linalochapwa kwenye karatasi ya majibu lahusu umma wa watu, si historia ya mtu mmoja.

Mwisho, kreatinini huchelewa. Figo zikijeruhiwa ghafla, mathalani kwa malaria kali au kwa kuharisha kunakomaliza maji ya mwili, huweza kupita siku moja au mbili kabla ya kiwango kupanda waziwazi. Kwa ajili hiyo zimechunguzwa protini ambazo vijifereji huzitoa vinapoumia, mojawapo ikiwa ile ijulikanayo kwa ufupisho wa KIM-1. Hizi hueleza jeraha, si kazi. Na ni vyema istilahi za Kiswahili zitenge viashirio vya kazi na viashirio vya jeraha tangu mwanzo.

4. Kutoka kipimo hadi kadirio

Mwaka 1926 mtaalamu wa Denmark, Poul Brandt Rehberg, alitumia kreatinini ya damu na ya mkojo pamoja ili kupata kasi ya mchujo. Fikira yake yaweza kuelezwa kwa mfano. Iwapo mtu hutoa mililita moja ya mkojo kwa dakika, na kila mililita hiyo ina kreatinini mara 110 ya ile iliyomo katika mililita moja ya majimaji ya damu, basi ni kama kwamba mililita 110 za majimaji ya damu zimeondoshewa kreatinini yote katika dakika hiyo. Dhana hii yafaa kuitwa uondoshaji. Neno usafishaji lingekubalika kisarufi, lakini katika mazungumzo ya wagonjwa kusafishwa damu kumekwisha kuwa jina la matibabu ya mashine kwa wale ambao figo zao zimeshindwa. Mtu aliyetumwa kwenda kupimwa usafishaji angeweza kurudi nyumbani akiwaaga jamaa zake.

Kwa kuwa kukusanya mkojo wa saa 24 ni kazi ngumu, na chupa moja ikimwagika hesabu yote huharibika, wataalamu walibuni milinganyo ya kukadiria mchujo kwa kipimo cha damu peke yake pamoja na umri na jinsia. Mlinganyo wa Cockcroft na Gault, uliotumia pia uzito wa mwili, ulitolewa mwaka 1976. Mwingine ukafuata Marekani mwaka 1999, na mwingine tena mwaka 2009. Jibu hutolewa kwa mililita kwa dakika kwa kila mita za mraba 1.73 za eneo la mwili, na kwa kijana mwenye afya hukaribia 100 au kuzidi.

Milinganyo miwili hii ya mwisho ilikuwa na jambo linalowahusu wasomi wa lugha moja kwa moja. Iliuliza kama mtu ni mweusi. Na kama jibu ni ndiyo, matokeo yake yaliongezwa. Katika mlinganyo wa mwaka 2009 yalizidishwa kwa 1.159. Basi mtu ambaye hesabu yake ilikuwa 52 alihesabiwa kuwa na 60, akavuka mpaka wa ugonjwa bila ya figo zake kubadilika hata kidogo. Neno moja la kuainisha watu, ambalo halikupimwa katika damu wala katika mkojo, lilifanywa kuwa sehemu ya hesabu. Mwaka 2021 mlinganyo mpya usiotumia rangi ya mtu ulitolewa nchini Marekani. Na mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, ambamo mchujo ulipimwa kwa dawa ya kudungwa na kulinganishwa na makadirio. Ilidhihirika kwamba milinganyo ya kreatinini iliwakadiria Waafrika hao kuwa na mchujo mkubwa kuliko walio nao, na kwamba kiashirio kingine, sistatini C, kilikaribia ukweli zaidi.

Sistatini C ni protini ndogo ambayo hutengenezwa na karibu seli zote za mwili, na kwa hiyo haitegemei misuli kama kreatinini. Ilipendekezwa kuwa kiashirio cha mchujo mnamo mwaka 1985. Nayo haikosi ila: ugonjwa wa tezi ya shingo, dawa za jamii ya steroidi na uvutaji wa sigara huweza kuibadilisha. Aidha, gharama yake ni kubwa kuliko ya kreatinini.

Jambo moja la matumizi lastahili kutajwa kabla ya kuendelea. Katika kikao kimoja mgonjwa huweza kusikia kwamba kreatinini imepanda na kwamba mchujo umeshuka, naye asijue kama amepewa habari moja au mbili, wala ni ipi kati ya hizo iliyo mbaya. Ni habari moja. Anayeeleza hana budi kushika upande mmoja na kuubakia.

5. Viashirio vya mkojo

Mwaka 1827 Richard Bright, tabibu wa hospitali ya Guy's mjini London, aliandika habari za wagonjwa waliovimba mwili kwa maji, ambao mkojo wao ulipopashwa moto uliganda, na ambao baada ya kufa walikutwa na figo zilizoharibika. Kilichoganda kilikuwa albumini, protini ambayo jina lake latokana na neno la Kilatini la ute wa yai. Na kila aliyekaanga yai ameuona ute huo ukigeuka kuwa mweupe na mgumu. Figo yenye afya huizuia albumini isipite. Ikionekana katika mkojo kwa wingi, kichujio kimepata tundu. Kwa lugha ya jikoni, kifumbu kimeanza kupitisha chicha.

Albumini ikiwa nyingi, mkojo hutoa povu lisilopotea upesi, na hiyo ni dalili kwa maana halisi ya neno. Lakini inapoanza kuvuja haionekani kwa macho, na hata kijiti cha rangi kinachochovywa katika mkojo huweza kuikosa. Kwa hiyo hupimwa maabarani na kulinganishwa na kreatinini ya mkojo uleule, ili mkojo mzito na mwepesi vihukumiwe kwa haki. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini huhesabiwa kuwa kawaida au juu yake kidogo. Kutoka 30 hadi 300 ni ongezeko la wastani. Na zaidi ya 300 ni ongezeko kubwa. Katika ugonjwa wa kisukari mvujo huu mara nyingi hutangulia kushuka kwa mchujo, na zipo dawa za kuteremsha shinikizo la damu ambazo huupunguza pia. Huo ndio wakati wa mgonjwa kusadiki asichokihisi.

Adabu ya lugha nayo huleta mtihani. Mkwe mbele ya mkwewe, au kijana anayemtafsiria bibi yake, huona haya kutamka mkojo, akasema haja ndogo. Lakini haja ndogo ni jina la tendo, ilhali maabara hutaka kitu, tena kitu cha wakati maalumu: kwa kipimo cha albumini, mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa zaidi. Mfasiri astahiye kupita kiasi huiacha sharti hiyo njiani. Pia usemi wa kwamba mkojo ni mchafu, ambao kwa kawaida humaanisha kuwa una vijidudu, hauwezi kutumiwa kwa albumini, maana huyo atatafuta dawa ya vijidudu na kuamini kwamba amepona.

6. Daraja, muda na neno sugu

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012, uliohuishwa mwaka 2024, huupanga mchujo katika daraja: 90 na zaidi, 60 hadi 89, 45 hadi 59, 30 hadi 44, 15 hadi 29, na chini ya 15. Daraja mbili za kwanza peke yake si ugonjwa, isipokuwa pawe na ushahidi mwingine wa madhara, kama vile albumini katika mkojo. Ndiyo maana damu na mkojo huitwa wote wawili barazani. Shahidi mmoja hatoshi.

Waganga wengi huieleza hesabu ya mchujo kwa asilimia, wakisema kwamba figo zinafanya kazi kwa asilimia 40. Wepesi wake ni dhahiri, kwa kuwa kiwango cha kijana hukaribia 100. Lakini asilimia kwa wengi ni alama za mtihani, na katika vyuo vikuu vya Kenya aliyepata 40 amefaulu. Zaidi ya hayo, mchujo hupungua kwa umri. Mzee wa miaka 75 mwenye 65, asiye na albumini katika mkojo, hapaswi kuambiwa kwamba amepoteza theluthi ya figo zake.

Sharti la muda ndilo lisahaulikalo zaidi. Kasoro huitwa ugonjwa wa figo wa kudumu pale tu idumupo kwa miezi mitatu au zaidi. Kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi. Kwa Kiswahili ugonjwa huu umezoeleka kuitwa ugonjwa sugu wa figo. Sugu asili yake ni ngozi iliyokomaa kwa msuguano, na kwa maana ya pili ni kitu kikaidi kisichosikia dawa. Mgonjwa asikiaye kwamba ugonjwa wake ni sugu huweza kufahamu kwamba dawa hazina faida, ilhali mwongozo ulikusudia muda tu, na katika hatua za awali matibabu huweza kuupunguza mwendo wa ugonjwa kwa miaka mingi.

7. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, istilahi nne zastahili kushikwa kwa pamoja. Dalili libakie neno la mgonjwa: uvimbe, povu, uchovu. Kiashirio kiwe kitu kinachopimwa: kreatinini, sistatini C, albumini. Kipimo kiwe tendo na matokeo yake. Kadirio liwe hesabu itokanayo na kipimo, ambayo huweza kukosea, na ambayo historia yake imeonyesha kwamba hukosea hata kwa sababu ya majina ambayo watu wamepewa na wengine. Kiambishi tamati -o katika kiashirio kinafaa kuliko -a, kwa vile hutaja chombo cha kuashiria na hakigongani na kiashiria cha wanasarufi.

Mgawanyo huu waweza kuonekana kuwa anasa ya wanaisimu, lakini faida yake humfikia mtu aliyeketi mbele ya mganga. Aulizapo, "Mbona sina dalili?" atajibiwa bila ya kubishwa: ni kweli, dalili huna, kiashirio ndicho kilichopatikana, nacho kimekuja mapema ili dalili zisije. Jibu hilo halikanushi methali ya wahenga. Laongeza tu kwamba yako mawingu ambayo hayaonekani kwa macho matupu.